Somo la Bhopal kwa Kemia ya Kijani

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ya methili isosayaneti ilivuja katika kiwanda cha viuatilifu mjini Bhopal, India, ikaua maelfu ya watu. Gesi hiyo haikuwa bidhaa ya kuuzwa. Ilikuwa hatua ya kati tu katika kutengeneza kiuadudu cha kabarili. Kumbe malighafi zilezile, zikichanganywa kwa mfuatano mwingine, huzaa kabarili pasipo gesi hiyo kuwapo.

Mwaka 1998, Paul Anastas na John Warner walichapisha kanuni 12 za kemia ya kijani. Ya mwisho yataka kemikali zichaguliwe ili kupunguza uwezekano wa ajali. Basi, tunapojenga viwanda vyetu, tusiulize uimara wa matangi pekee. Tuhoji kwanza iwapo sumu yenyewe inahitajika.