Bakteria wa Tope la Volkano

Mtu wa kwanza kumtenga bakteria anayeishi kwa kula methani alikuwa Nicolaas Söhngen, mwanafunzi wa Martinus Beijerinck kule Delft, Uholanzi, mwaka 1906. Kwa karibu karne nzima baada yake, walaji hao walijulikana kuwa wakazi wa sehemu za upole: mabwawa, mashamba ya mpunga, matope ya maziwa.

Kisha, 2007 na mwanzoni mwa 2008, makundi matatu ya watafiti, kila moja kivyake, yakawakuta kwenye chemchemi za volkano huko Italia, New Zealand na Kamchatka, Urusi. Yule wa Italia alitoka Solfatara, kreta iliyoko Pozzuoli karibu na Naples, ambako tope hutokota na hewa hunuka kiberiti. Bakteria huyo huweza kukua hata kwenye pH 0.8, ukali wa maji ya betri ya gari.

Alipofikishwa Chuo Kikuu cha Radboud, mjini Nijmegen, akaanza vituko. Arjan Pol na wenzake walimpa methani, joto, asidi na virutubisho vya kawaida vya maabara. Wapi! Hakukua mpaka alipotiliwa maji ya tope lake la nyumbani. Ndani ya maji hayo mlikuwa na nini?

Jibu lilichapishwa 2014: lanthanidi, yaani madini adimu ya kundi lile lile linalosakwa Ngualla, mkoani Songwe, Tanzania, kwa ajili ya sumaku za mota. Bakteria huigeuza methani kuwa methanoli kwanza, na kimeng'enya kinachoishughulikia hiyo methanoli kilikutwa kimebeba seriamu pale ambapo kwa wengine hukaa kalsiamu. Asidi ya Solfatara huyayeyusha madini hayo kutoka kwenye mwamba. Katika maji ya kawaida hupatikana kwa uchache mno. Wanakemia wengi walikuwa wameshayahukumu kuwa hayana kazi yoyote mwilini mwa kiumbe, ingawa fununu zilikwishasikika kutoka Japani.

Mimi navutiwa zaidi na kilichofuata. Mwaka 2017 ilichapishwa taarifa kuhusu maji yaliyotekwa Ghuba ya Meksiko baada ya mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon kulipuka mwaka 2010. Katika kina kile kile ambako bakteria walikuwa wameila methani iliyovuja, lanthanidi nyepesi nazo zilikuwa zimepungua.