Chui wa Tingatinga kwenye simu ya mdogo wangu

Juzi nikiwa Masakta, kule Hanang, mdogo wangu alinionyesha chui kwenye simu. "Kaka, hii si ndiyo Tingatinga?" Kabla sijajibu, kidole kilishampitisha, ikaja video ya mtu anacheza.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, hakusomea uchoraji popote. Mwaka 1968 hivi, Dar es Salaam, alianza kuchora kwa rangi ya kupakia baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, akiviuza nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Vilikuja miaka ya 1990. Lakini hata bila skrini, mpita njia ana haraka zake. Nadhani ndiyo maana mnyama wake mara nyingi yuko peke yake, kajaa ubao mzima, kakutolea macho, anachekesha: hebu simama kwanza.

Alichora miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimuua kwa risasi, wakidhani ni mhalifu anayetoroka.

Nilimwomba mdogo wangu arudi nyuma. Tulimtafuta yule chui mpaka chaji ikaisha.