Kujifungua hospitalini: huduma nzuri ikoje, na wewe ufanye nini

Wanawake wengi wa Tanzania sasa wanajifungulia kwenye vituo vya afya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 81 kati ya kila 100 walizaliwa kituoni, na vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti kama huo wa mwaka 2015/16 ulikuwa umekadiria vifo 556.

Hata hivyo, kufika kituoni peke yake hakutoshi. Mama anaweza kulazwa leba na bado akakosa kupimwa, akakosa dawa kwa wakati, au akaachwa peke yake wakati damu inatoka. Ukurasa huu unakueleza huduma unayostahili kupata tangu uchungu unapoanza hadi unaporuhusiwa. Umeandikwa kwa ajili ya mama wa Ruaruke na kata nyingine za Kibiti na delta ya Rufiji, pamoja na mume, mama, dada au wifi atakayemsindikiza.

Amua mapema utajifungulia wapi

Zahanati inaweza kumhudumia mama asiye na tatizo. Haifanyi upasuaji na haiongezi damu. Muulize muuguzi wa kliniki mapema kama unafaa kujifungulia zahanati au upangiwe hospitali. Kwa kawaida utashauriwa kwenda hospitali kama:

- hii ni mimba yako ya kwanza, au umeshazaa mara nne au zaidi;
- una umri chini ya miaka 20 au zaidi ya 35;
- uliwahi kujifungua kwa upasuaji, kutoka damu nyingi, au mtoto kufia tumboni;
- una mapacha, au mtoto amekaa vibaya;
- una shinikizo la damu, kisukari au upungufu mkubwa wa damu.

Akina mama wa Pwani wanaujua ubora wa vituo vyao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulihusu wilaya za Bagamoyo, Kisarawe, Mkuranga na Rufiji, wakati Kibiti ikiwa bado sehemu ya Rufiji. Kati ya waliojifungulia kwenye vituo, takribani wanne kati ya kila kumi waliipita zahanati iliyo karibu nao wakaenda mbali zaidi. Pale ambapo huduma za zahanati zilikuwa bora, waliopita walikuwa wachache. Kama na wewe unapanga kwenda mbali, usisubiri uchungu uanze.

Panga safari kabla ya siku

Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Barabara ikiwa na tope la masika, au boti ikisubiri maji yajae, saa mbili ni muda mfupi sana. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti yalionyesha jinsi njia inavyoweza kufungika ghafla.

- Kama umepangiwa hospitali, nenda ukakae kwa ndugu aliye karibu nayo wiki mbili au tatu kabla ya tarehe yako. Uliza pia kama hospitali ina nyumba ya kusubiria wajawazito.
- Hifadhi namba ya dereva wa gari, bodaboda au boti, na ya mwingine wa akiba.
- Hifadhi namba 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, unaosafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura. Ukipiga, utaulizwa hali ya mgonjwa, kisha utatafutiwa gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa.
- Tafuta ndugu wawili walio tayari kuchangia damu.
- Weka pamoja kadi ya kliniki, kadi ya bima kama unayo, khanga safi, pamba, nguo za mtoto na akiba ya fedha.

Usinywe dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Zinaweza kuubana mfuko wa uzazi kwa nguvu mno, ukapasuka au mtoto akakosa hewa.

Wakati wa uchungu

Ukifika, unatakiwa kupokelewa bila kucheleweshwa. Mhudumu anasoma kadi yako, anapima shinikizo la damu, joto na mapigo ya moyo, anasikiliza moyo wa mtoto na kupima njia. Uchungu ukishakolea, yaani njia ikifunguka kuanzia sentimita 5, Shirika la Afya Duniani linashauri haya:

- moyo wa mtoto usikilizwe kila baada ya dakika 15 hadi 30, na kila dakika 5 unaposukuma;
- njia ipimwe kila baada ya saa 4, si kila anayepita akupime;
- maendeleo yaandikwe kwenye chati ya uchungu;
- uruhusiwe kunywa, kula kidogo, kutembea na kuchagua mkao unaokufaa;
- uwe na mtu wako wa karibu, kama unataka.

Njia haifunguki sentimita moja kila saa kwa kila mama. Kwenda polepole peke yake si sababu ya kuwekewa dripu ya uchungu. Tumbo lisikandamizwe ili mtoto atoke. Kuongezewa njia kufanywe tu inapohitajika, kwa ganzi na kwa ridhaa yako.

Mtoto anapozaliwa

Ndani ya dakika moja baada ya kujifungua, unatakiwa kuchomwa sindano ya oksitosini ili mfuko wa uzazi ukaze na damu isitoke nyingi. Mtoto akaushwe, awekwe kifuani kwako ngozi kwa ngozi, na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Kitovu kikatwe baada ya angalau dakika moja, kama mtoto anapumua vizuri.

Mtoto asiyelia wala kupumua anahitaji kusaidiwa kupumua ndani ya dakika hiyo ya kwanza. Wakunga wa hospitali nane za Tanzania walipofundishwa kazi hii, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013.

Damu nayo ipimwe, isikadiriwe kwa macho tu. Utafiti uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania ulitumia plastiki yenye vipimo inayowekwa chini ya mama, pamoja na matibabu yote kutolewa kwa mara moja damu inapozidi. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kuwa kutoka damu kupita kiasi na madhara yake makubwa kulipungua kwa asilimia 60.

Usiondoke kabla ya saa 24

Hata ukijisikia vizuri, kaa kituoni angalau saa 24. Wewe unayemsindikiza, mwite mhudumu mara moja ukiona:

- damu inalowesha pedi au khanga haraka, au inatoka kwa mabonge;
- mama anaumwa sana kichwa, haoni vizuri au anapata degedege;
- ana homa, anatetemeka, amelegea au hapumui vizuri;
- mtoto hanyonyi, ana joto kali, amepoa, au anapumua kwa shida.

Usiogope kuonekana msumbufu. Sema wazi: "Damu inatoka nyingi, naomba umwangalie sasa." Dalili hizi zikitokea nyumbani, rudi kituoni au piga 115.

Heshima ni sehemu ya matibabu

Kutukanwa, kupigwa, kuachwa peke yako au kuanikwa bila pazia si huduma. Katika utafiti wa mradi wa Staha huko Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, karibu wanawake wawili kati ya kila kumi walisema walitendewa vibaya walipohojiwa wakitoka hospitalini. Walipohojiwa tena wiki chache baadaye, idadi ilikaribia watatu kati ya kumi. Wengi huanza kusema wakishakuwa mbali na kituo.

Una haki ya kujua jina la anayekuhudumia, kuelezwa anachotaka kufanya na kuulizwa kama unakubali. Huduma za uzazi kwenye vituo vya serikali ni bure kwa mujibu wa sera. Ukitakiwa kulipa, omba maelezo na risiti.

Kama hukuhudumiwa vizuri, andika tarehe, saa na kilichotokea. Anza kwa mganga mfawidhi wa kituo au kamati ya afya ya kituo. Usiporidhika, nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Malalamiko kuhusu muuguzi au mkunga yanaweza pia kupelekwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Na kama ulihudumiwa vizuri, liseme hilo pia, ili kituo kijue cha kuendeleza.