Kimondo cha Mbozi na Riwaya Ambayo Hatujaiandika

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Iringa, aliniomba nimtajie riwaya ya Kiswahili ambamo roketi inatii kanuni za Newton: mafuta yanapungua, uzito unahesabiwa, na abiria hawafiki mwezini kwa matakwa ya mwandishi tu. Nimetafuta, na jibu lake limo katika historia.

Tuanzie karibu. Kimondo cha Mbozi, pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16, kipo nje kidogo ya barabara ya Mbeya kwenda Tunduma, mahali palipokuwa Mkoa wa Mbeya na leo ni Songwe. Vitabu vyasema "kiligunduliwa" mwaka 1930 na mpima ardhi mgeni, kana kwamba wenyeji walikuwa wakipita hapo wamefumba macho. Chuma kile kiliingia angahewani kwa mwendo usiopungua kilomita 11 kwa sekunde, na mwendo huohuo ndio unaohitajika ili kitu kiondoke duniani kisivutwe tena chini. Sisi twaenda kupiga picha.

Riwaya iliyolikaribia ombi la kijana huyu ni Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, mhadhiri wa Nairobi aliyewekwa kizuizini mwaka 1986. Humo chombo cha angani ni kitanzi: Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa nacho; anafaulu kukiongoza na kutua kwenye sayari yenye jamii ya haki. Ni siasa tupu, na siasa nzuri, ila chombo chenyewe ni istiari zaidi ya mtambo.

Ajabu ni kwamba mitambo halisi ilikuwapo pwani ya nchi hiyohiyo. Karibu na Malindi, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco baharini, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru, kwa heshima ya sikukuu ya Kenya. Palichaguliwa kwa kuwa karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huipa roketi ielekeayo mashariki mwendo wa bure wa takriban mita 460 kwa sekunde. Jina likawa letu, hesabu zikaandikwa kwa lugha za wengine.

Nilimpa kijana Walenisi, akadirie mafuta ambayo Dzombo angehitaji. Alileta kurasa 3 safi, zote kwa Kiingereza, kwani ndicho alichofundishiwa fizikia sekondari. Nimemrudishia aziandike kwa Kiswahili. Hajarudi bado.