Iliki ya Derema

Sisi tukaao Kilole, bondeni Korogwe, tumezoea kuitazama milima ya Usambara kama kitu kisichoweza kuondoka. Historia yake yatuonya. Mwaka 1902 reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Korogwe, na mwaka huohuo wakaanzisha kituo cha utafiti huko Amani. Msitu ukachunguzwa na kukatwa kwa pamoja, kwani reli ndogo nayo ilijengwa hadi Sigi ili kushusha magogo.

Katika miaka ya 1970 na 1980 kiwanda cha mbao cha Tanga kilivuna miti ya Usambara Mashariki kwa msaada wa Finland, mpaka malalamiko yakakomesha uvunaji huo. (Finland hiyohiyo baadaye iligharimia uhifadhi, wafadhili nao hujifunza.) Mwaka 1997 Amani ikawa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya kwanza nchini.

Sababu zilikuwa nzito. Mto Sigi, utokao katika misitu hiyo, huipatia Tanga maji. Na hasara nyingine haikuonekana kwa urahisi. Iliki hupenda kivuli, basi mkulima huiacha miti mikubwa na kufyeka iliyo chini yake. Mpita njia huona msitu mzima, kumbe miti mizee ikianguka hakuna michanga ya kuirithi.

Ndipo likaja suala la Derema, ukanda unaounganisha misitu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima zaidi ya elfu moja walitakiwa kuacha mashamba yao ya iliki. Fidia ililipwa na serikali pamoja na wafadhili, lakini wengi waliingoja kwa miaka, na ardhi mbadala ilichelewa zaidi. Tena, fidia ilihesabu mimea iliyokuwapo shambani. Shina la iliki humlipa mwenye nalo kila msimu. Fidia humlipa mara moja tu.

Twaamini msitu ule ulistahili kulindwa. Lakini maji hunywewa Tanga, na viumbe adimu ni fahari ya dunia nzima, ilhali gharama ilimwangukia mama aliyelipia ada ya shule kwa iliki. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikataa kutenganisha utunzaji wa viumbe na haki ya maskini. Hata Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikuwa imeviruhusu vijiji kumiliki na kulinda misitu yao wenyewe. Derema, miaka ileile, ilifuata njia ya zamani: mipaka ikawekwa, wakulima wakatoka.