Alama za Kuhudhuria

Kila mwenye kufundisha watu analijua daftari la majina. Sisi makatekista twalishika kila juma. Lakini je, yafaa mtu apewe alama kwa sababu amefika tu? Swali hili lawasumbua wanaofundisha waganga na wauguzi hapa Goma, wala si jipya.

Mwaka 1860 Bibi Florence Nightingale alifungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London. Kila mwezi mkuu wao, Bibi Wardroper, alimwandikia kila mwanafunzi karatasi yake. Upande mmoja ni tabia: je, awahi saa ya kazi, ni mtulivu, mwaminifu, safi? Upande wa pili ni ufundi wa mikono, kama kufunga vidonda, na mengine mengi. Alama zilianza na "bora" zikashuka hata sifuri. Naipenda hekima ile ya kutenga pande mbili, maana mwenye kuwahi hakuweza kujificha nyuma ya saa ikiwa mikono yake haijui kazi.

Kwetu Kongo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Louvain walianzisha FOMULAC mwaka 1926 kule Kisantu; baadaye kazi hiyo ilifika Katana, karibu na ziwa letu la Kivu. Huko Kisantu wasaidizi wa waganga walisoma miaka mingi, na mazoezi kando ya vitanda vya wagonjwa, lakini cheo cha daktari hawakupewa, hata mwenye bidii namna gani. Uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, waganga wengi Wabelgiji waliondoka. Ndipo Shirika la Afya Ulimwenguni likawapeleka wasaidizi wengi Ufaransa wamalize masomo yao.

Hapa Goma, Daktari Jo Lusi, mpasuaji wa mifupa, na mkewe Lyn walianzisha mwaka 2000 kazi iitwayo leo HEAL Africa, wakikusudia kufundisha madaktari vijana. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ikatapika moto, ukaharibu sehemu kubwa ya hospitali yao. Ikajengwa tena.

Kisha Januari 2025 vita viliingia mjini, majeruhi wakajaa CBCA Ndosho na kwingineko. Kijana mmoja wa mtaa wetu alikosa staji siku tatu kwa sababu ya risasi njiani. Daftari likasema "hayupo", naye akapunguziwa alama. Mwenzake aliyelala hospitalini usiku kucha, akiosha vidonda, alipata alama ile ile ya siku zote. Naona daftari lile lilisema uongo mara mbili.

Hata waliokwisha kuhitimu huitwa kwenye semina za kuongeza ujuzi. Wapo watiao sahihi asubuhi, wakapokea nauli, na saa sita hawaonekani tena. (Makatekista wenzangu, tusicheke.) Siku hizi wafundishaji wengine huuliza maswali yale yale kabla ya semina na baada yake, na hapo aliyetoroka hujulikana, hata sahihi yake ikiwa nzuri namna gani.