Ahadi ya Novemba: Historia ya udahili wa mapema katika vyuo vidogo vya Marekani

Kila mwaka, mwanzoni au katikati ya Novemba, maelfu ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari nchini Marekani hutia sahihi ahadi nzito. Mwanafunzi huchagua chuo kimoja tu, hupeleka maombi kabla ya wenzake, na huahidi kwamba akikubaliwa atajiunga nacho na kufuta maombi yake yote kwingineko. Mzazi hutia sahihi, na mshauri wa shule pia. Jibu hutoka katikati ya Desemba, wakati wengine bado wanahangaika na fomu za Januari.

Utaratibu huu huitwa uamuzi wa mapema, na umeota mizizi zaidi katika vyuo vidogo vya sanaa huria kama Amherst, Williams, Bowdoin, Swarthmore na Middlebury. Vyuo hivi hufundisha hasa shahada ya kwanza. Mwanafunzi wa fizikia husoma pia falsafa na fasihi, na profesa humjua kila mwanafunzi kwa jina. Williams kilianzishwa mwaka 1793 na hadi leo kina wanafunzi 2,000 na ushee. Amherst, cha mwaka 1821, kina wapatao 1,900.

Udogo huo ndio uliozaa utaratibu wenyewe. Chuo kikuu chenye maelfu ya wanafunzi wapya hakiyumbi wakizidi au wakipungua 50. Chuo kinachopokea 500 kwa mwaka kikizidiwa na hao 50, vitanda havitoshi mabwenini na madarasa hufurika. Wakipungua, pengo la ada huonekana katika bajeti nzima. Kwa hiyo ofisi ya udahili ya chuo kidogo ina swali moja kubwa kila mwaka: kati ya tuliowaita, ni wangapi watakuja?

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, swali hilo halikuwa gumu. Vyuo vya hadhi vilipokea zaidi vijana wa familia za kitajiri kutoka shule chache za bweni, na kila upande ulimjua mwenzake. Hata baada ya vita, maofisa wa Harvard, Yale na Princeton walizitembelea shule hizo na kuwapa wanafunzi herufi: A kwa mwenye uhakika wa nafasi, B kwa mwenye matumaini, C kwa asiye na bahati.

Lakini mambo yalikuwa yanabadilika. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia ada askari waliorudi kutoka vitani, idadi ya waombaji ikapanda, na kijana mmoja akaanza kuomba vyuo kadhaa kwa mpigo. Vyuo vidogo ndivyo vilivyoumia, kwa sababu aliyeitwa na Harvard na Amherst pamoja mara nyingi alikwenda Harvard. Katika miaka ya 1950 vyuo vya New England kama Amherst, Bowdoin, Wesleyan na Williams vikapata dawa: tuahidi utakuja, nasi tutakujibu mapema. Vyuo mashuhuri vya wanawake vya eneo hilo vikafuata mwishoni mwa muongo huo.

Tukumbuke, basi, kwamba ahadi hii ilibuniwa kutibu maradhi ya chuo. Nafuu aliyoipata mwanafunzi ilikuja baadaye, kama malipo ya kukubali kufungwa.

Vyuo vikubwa viliingia polepole. Mwaka 1975 vyuo 15 vya binafsi vilianzisha fomu moja ya pamoja ya maombi, na kuomba vyuo vingi kukawa rahisi zaidi. Katikati ya miaka ya 1970 Harvard, Yale na Princeton vilianza kutoa majibu ya mapema yasiyomfunga mwanafunzi. Kisha, mwaka 1983, jarida la U.S. News likaanza kuvipanga vyuo kwa daraja. Baadaye hesabu zake zilitia maanani hata asilimia ya walioitwa ambao kweli walijiunga. Mwanafunzi aliyefungwa kwa ahadi huja kwa hakika, kwa hiyo kila aliyepokewa mapema alipandisha asilimia hiyo na kupunguza idadi ya barua za kukubaliwa ambazo chuo kililazimika kutuma. Mwaka 1995 Yale na Princeton navyo vikaamua kuwafunga waombaji wao wa mapema.

Malalamiko hayakukawia. Mwaka 2001 mwandishi James Fallows aliushambulia utaratibu huu katika jarida la The Atlantic, na mwishoni mwa mwaka huohuo rais wa Yale, Richard Levin, akasema hadharani kwamba ingekuwa heri usingekuwapo. Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kiliuacha mwaka 2002. Mwaka 2003 watafiti Christopher Avery, Andrew Fairbanks na Richard Zeckhauser walitoa kitabu baada ya kuchambua maombi zaidi ya 500,000 ya vyuo 14. Waligundua kwamba kuomba mapema kulimpa mwanafunzi faida inayokaribia kuongezewa alama 100 katika mtihani wa SAT, ambao kilele chake ni 1600. Mwaka huohuo U.S. News iliondoa ile asilimia ya wanaojiunga katika hesabu zake.

Harvard, Princeton na Chuo Kikuu cha Virginia vilifuta udahili wa mapema mwaka 2006. Vilipoona wenzao hawafuati, vikaurudisha mwaka 2011, ingawa bila kumfunga mwanafunzi. Virginia ilirudi hata kwenye ahadi yenyewe mwaka 2019.

Muda wote huo vyuo vidogo havikutetereka. Vingi hujaza karibu nusu ya darasa jipya kwa ahadi za mapema, na vingine huvuka nusu. Hapo msomaji awe makini na takwimu. Katika vyuo kama Williams na Amherst, takriban theluthi moja ya wanafunzi huchezea timu za chuo. Ligi yao, NESCAC, iliyoanzishwa mwaka 1971, hairuhusu ufadhili wa michezo, hivyo kocha humwombea mchezaji wake nafasi katika ofisi ya udahili na kumtaka aombe mapema. Asilimia kubwa ya wanaokubaliwa Desemba imebeba wachezaji hao ndani yake. Mwombaji wa kawaida asidhani mlango umefunguka kwake kwa kiasi hicho.

Dosari kubwa ya utaratibu huu ni fedha. Gharama za mwaka mmoja katika vyuo hivi hukaribia au kuzidi dola 90,000. Aliyeomba Januari huweza kulinganisha misaada ya vyuo vitatu na kuchagua nafuu. Aliyeahidi Novemba ana bei moja tu mkononi. Kanuni humruhusu kujitoa ikiwa msaada hautoshi, lakini ahadi ni deni, na familia nyingi maskini huogopa kuingia deni ambalo hazijui ukubwa wake. Tajiri hana hofu hiyo. Mwaka 2025 kesi ilifunguliwa katika mahakama ya shirikisho mjini Boston ikivituhumu vyuo kadhaa, vikiwamo vya kundi hili, kwamba utaratibu huu unaua ushindani na kupandisha bei.

Wapo waliougeuza uwe ngao ya wanyonge. Taasisi ya Posse, iliyoanza mwaka 1989, na QuestBridge, ambayo huwaunganisha wanafunzi wa Marekani wenye kipato kidogo na vyuo, hutumia ahadi hiyohiyo, lakini ufadhili hufungamanishwa nayo tangu mwanzo.

Nasi wa Afrika Mashariki mambo haya yanatuhusu. Mradi wa KenSAP nchini Kenya umekuwa ukiwaandaa vijana kwa vyuo hivi tangu mwaka 2004, na wahitimu wa UWC East Africa ya Moshi na Arusha huvifikia pia. Mzazi ambaye mwanawe anajiandaa kuomba, uliza maswali mawili kabla ya kutia sahihi. Je, chuo hiki hupima uwezo wa kulipa kinapoamua kumpokea mwanafunzi wa kigeni? Amherst na Bowdoin ni miongoni mwa vichache visivyopima. Je, kinalipia pengo lote ambalo familia haiwezi kuliziba? Majibu yasipokuwa wazi, usitie sahihi. Mwache kijana aombe Januari, alinganishe, kisha achague akiwa huru.